Njege Alibeba Mashua kwa Mkono Gani?

Enzi zile sisi hatukuenda sinema. Sinema ndiyo ilikuja kwetu, tena kwa lori. Wewe uliyekulia kwenye laini za mashamba ya kahawa huko mashariki ya Thika, zile nyumba za wafanyakazi zilizoshikana kama mabehewa, honi ya lile lori bado iko kwa masikio yako. Tulikuwa tukiisikia ikiwa mbali kwa barabara ya vumbi, na hapo hapo bano, zile gololi zetu, zinaachwa chini, mbuzi wanaachwa, hata uji unaachwa na nzi, na sisi tunakimbia tukimeza vumbi. Kaptura zetu zilikuwa na matundu mawili nyuma, tukiyaita televisheni, na hizo ndizo televisheni pekee tulizokuwa nazo.

Haya yote yamenirudia kwa sababu ya mjukuu wangu Wairimu, yule anayefanya kazi ya ofisi na kukaa Membley ndani ya geti. Siku moja alinipigia simu akiwa na haraka kama kawaida yao.

"Guka, ile sinema yako ya Njege imetengenezwa upya! Iko hapa Ruiru, kwa mall. Jumamosi nakuja niwachukue, wewe na cucu Nyambura."

Guka ni mimi, babu yake, na cucu Nyambura, bibi yake, ni dada yangu mkubwa. Anakaa Murera, kwa ploti yake, na kuku na ndizi zake. Nilipompelekea habari nilijua atakataa, maana huyo mama hata harusi haendi kama ni mbali. Lakini aliweka debe la maji chini akaniuliza, "Wataonyesha ule mkono?"

Nikamwambia lazima wataonyesha.

"Basi nitavaa viatu vizuri."

Wacha nieleze huo mkono, usije ukafikiri sisi wazee tumerukwa na akili.

Jioni ambayo lori lilileta sinema ya Njege, watu wa sabuni walitundika shuka kubwa jeupe kati ya miti miwili kwenye uwanja wa kuanikia kahawa. Walitangaza sabuni yao kwanza, sabuni, sabuni, mpaka mtu akachoka na usafi. Halafu mashine ikanguruma na mnyama akatokea. Jina lake la Kizungu hatukulijua. Alikuwa kama nungunungu aliyesimama kwa miguu miwili, mrefu kupita mlima, na miiba mgongoni kama nguzo za stima, kwa hivyo tukamwita Njege, maana Wakikuyu nungunungu tunamwita hivyo. Alikaa ndani ya ziwa huko kwao. Wazungu wakaja na mashua kumtafuta, wakampiga bunduki, naye akakasirika. Kulikuwa na msemaji mmoja wa lori aliyeshika kipaza sauti akitufasiria, na nikiwa mkweli sidhani alijua Kiingereza kutushinda. Alisema Njege anadai mahindi yake. Tulimwamini, kwani nungunungu anadai nini kingine? Wanaume wazima walipiga kelele, "Mpeni mahindi yake aende!"

Mwisho Njege aliichukua ile mashua, watu wakiwa ndani, akaiinua juu kwa mkono mmoja, akatupa mgongo, akarudi zake ziwani polepole. Akaenda, akaenda, mpaka shuka likabaki jeupe.

Asubuhi yake, pale kwa mfereji wa maji, Nyambura akasimama kuwasimulia waliokosa. Huyo msichana alikuwa na mdomo, nikwambie! Mimi mnaniita msimulizi leo kwa sababu hamkumsikia yeye. Alitembea kama Njege, akapumua kama Njege, wamama wakasahau ndoo zao zikamwagika. Alipofika mwisho akainua mkono wa kushoto, na mtungi juu yake, akaondoka akiyumbayumba.

Baba yetu alikuwa akipita. Baba alikuwa nyapara wa wachumaji, na neno la nyapara halikuwa na rufaa.

"Wee Nyambura, unadanganya watu. Alibeba kwa mkono wa kulia."

"Baba, ilikuwa kushoto. Niliona na haya macho."

"Ni kulia! Uliza mtu yeyote."

Wanaume wote waliokuwa hapo wakasema kulia. Mimi pia niliona kulia, na nilikuwa nimekaa mbele kabisa, karibu kuguswa na miiba. Wamama walioiona sinema waliona kushoto, lakini nani angebishana na nyapara kwa sababu ya nungunungu? Wakajifanya wanatafuta vifuniko vya ndoo. Nyambura akabaki peke yake na mtungi juu.

Jambo dogo, utasema. Lakini watu wa laini walikuwa hawana redio, walikuwa na midomo. Kuanzia siku hiyo uongo wowote uliitwa "ya kushoto". Mtu akisema amepata kazi Nairobi, anaambiwa hiyo ni ya kushoto. Nyambura mwenyewe akifungua mdomo, hata kusema mvua inakuja, watoto wanaimba kushoto, kushoto. Akaacha kusimulia. Na siku aliyokuja kumwambia Baba kwamba mwalimu amesema ana kichwa kizuri, aendelee na shule, Baba alicheka mpaka akakohoa. "Hiyo nayo ni ya kushoto." Sijui kama angeendelea kweli, pesa yenyewe haikuwepo, na mimi mvulana niliishia darasa la tatu. Lakini alichokumbuka Nyambura si pesa. Alikumbuka kicheko.

Sasa, Jumamosi. Tukaingia huko ndani, baridi kama chumba cha maziwa, tukapewa miwani nyeusi ya watu wa kuchomelea vyuma na bisi ndani ya kitu kikubwa kuliko ndoo ya kukamulia. Enzi zetu tuliangalia sinema na kipande cha muwa, na tulikimaliza kabla ya sabuni. Vijana wa siku hizi wanakula kama wanahama. Na bado wanaangalia simu sinema ikiendelea! Mmoja mbele yangu alikuwa anaangalia sinema ndogo mbele ya sinema kubwa. Nikamgusa bega nikamuuliza kama ile kubwa imeharibika. Akaniambia, "Niko rada, mzee," yaani yuko macho. Haya.

Njege mwenyewe, lazima niseme ukweli, amependeza. Pesa iliyomwagwa hapo ingeweka lami mpaka Murera na kurudi. Kila mwiba unatikisika peke yake. Matone ya maji yanatoka puani mwake mpaka unataka kujipangusa. Nikajiuliza mambo mengi: wanamtoa wapi, analala wapi, nani anampa chakula. Wairimu akaninong'oneza, "Guka, ni kompyuta." Sikuelewa, na bado nataka kuelewa.

Nyambura hakula bisi hata moja. Alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba magotini. Mashua ikaja. Njege akainama. Dada yangu akanishika mkono, akanifinya.

Njege akaibeba mashua kwa mdomo.

"Kwa mdomo?" Nyambura akasema, ukumbi wote ukasikia. "Kwa mdomo! Kama mbwa?"

"Cucu, shhh!"

"Usininyamazishe! Hao wamemharibu Njege!"

Tulipofika kwake Nyambura akashuka garini, akavua viatu vizuri, akaenda kuanua nguo kwa kamba bila kutuaga, na nikaona mgongo wake unatikisika. Mtu amengoja tangu utotoni aonyeshwe mkono mmoja, halafu analetewa meno.

Wairimu alisimama hapo na funguo zake. Nilifikiri atasema ni sinema tu, kama wanavyosema. Badala yake akauliza, "Cucu, wewe siku hiyo ulikuwa umekaa wapi?"

"Na watoto wadogo," Nyambura akasema. "Wanawake wote tulikaa nyuma ya shuka, ndio watoto wakilia wasisumbue wanaume. Lakini tuliona vizuri tu. Lilikuwa shuka jepesi."

Hilo nililijua. Kila mtu alilijua.

"Na hakuna mtu alishangaa maandishi? Yale ya mwanzo?"

"Maandishi gani, mama? Nani alijua kusoma?"

Wairimu akaanza kucheka, halafu akaacha. "Wote wawili msiseme kulia wala kushoto. Mashua ilikuwa upande wa Thika, ama upande wa mlima?"

"Wa mlima!" tukasema pamoja, na mikono yetu yote miwili ikaelekea Kilimambogo.

Nikamwangalia Nyambura. Nyambura akaniangalia.

Wairimu akatandaza shuka moja kwenye kamba, jua likiwa mgongoni kwake. Mimi nikabaki upande wake, Nyambura akapelekwa nyuma. Msichana akainua mkono wa kulia, kivuli kikainua wake.

"Guka, mkono gani?"

"Kulia."

"Cucu?"

Sauti ya dada yangu ikatoka nyuma ya shuka, ndogo, "Kushoto."

Nikazunguka. Ni hatua chache tu. Nikasimama kando yake na, kweli Mungu, ilikuwa kushoto. Nikarudi mbele: kulia. Nikarudi nyuma: kushoto. Nilizunguka hilo shuka kama kuku anayetafuta mlango, na singeacha kama Nyambura hangenishika koti.

"Kwa hivyo sikuwa nadanganya."

"Hukudanganya."

"Sema jirani wasikie. Wale wa laini walisikia nikiitwa mwongo."

Nikapiga kelele juu ya ua, "Nyambura hakudanganya!" Jirani akatoa kichwa na sufuria mkononi, akauliza nani amemshtaki. Nyambura akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akakaa kwenye debe, akapangusa macho na lile shuka.

"Ningemketisha hapa," akasema. "Baba. Hapa nyuma, aone mwenyewe. Sasa nitamketisha nani?"

Nikamsaidia kuanua nguo zilizobaki.

Huko Ruiru, tulipokuwa tunatoka, niliwahi kuuliza kijana wa tikiti kama kuna nafasi ya kukaa nyuma ya ile sinema. Nilikuwa nataka kujua tu kama wanawake bado wanakaa huko. Alinihurumia, akasema, "Nyuma ni ukuta, mzee. Watu wote wanakaa mbele." Ni vizuri hivyo, nafikiri. Kiti ni laini, Njege ni mmoja kwa kila mtu, na watu wanaenda nyumbani bila kugombana. Sisi tulikaa kwenye sakafu ya kahawa, shuka lina mishono, msemaji anatudanganya na mahindi, na nyuma kulikuwa na mama zetu na dada zetu wakiona sinema yao. Hapakuwa na ukuta. Mtu angeweza kuinuka, akatembea hatua chache, akawauliza wanaona nini.