Picha ya Aliyesimama

Kabla ya kuitwa Kifuniko alikuwa na jina lake zuri tu, alilopewa na bibi yake, lakini pale katika chuo cha upigaji picha jina hilo halikumaliza hata juma. Siku ya kwanza ya mazoezi alizunguka mji mzima na kamera kuukuu ya kuazima, ya aina ile yenye kijidirisha cha kuchungulia kilichojitenga na lenzi. Akapiga soko, akapiga daraja, akapiga mapaa ya mabati, akarudi amejaa vumbi na fahari. Filamu ilipooshwa ikatoka tupu, angavu kama kioo cha dirisha. Hakuwa amevua kifuniko cha lenzi. Darasa likacheka mpaka mwalimu naye akageukia ukuta kuficha meno.

"Chekeni," akawaambia mwenye kamera. "Katika darasa hili mimi peke yangu sina picha mbaya hata moja."

Hapo jina likamganda, naye akalivaa kama kofia.

Alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Ukimwambia maji ni ya moto, atatia kidole kwanza ndipo akuamini. Wenzake darasani walikuwa wadogo kwake, kwa sababu baada ya shule alisimama miaka kadhaa katika saluni ya mama yake, akiosha vichwa, akichambua nywele, akifagia. Siku mama alipomwambia, "Nenda kasome hicho unachokililia, saluni haitakimbia," alikwenda siku ile ile, kabla mama hajabadili mawazo.

Mwaka ule alipita katika mitindo kama mtu anayejaribu viatu dukani. Kuna mwezi alipiga vivuli tu. Kuna mwezi alipaka karatasi dawa inayogeuka buluu juani, akazilaza chanuo za saluni juu yake, akapata chanuo nyeupe zinaelea katika buluu kama mifupa ya samaki. Kuna mwezi alipiga kila kitu kupitia mfuko wa plastiki uliolowa. Kila kazi ilifika kwanza saluni, na mama yake, ambaye mikono haikumtoka kwenye kichwa cha mteja, aliihukumu kwa jicho la pembeni.

"Hii ya leo ni nini?"

"Kivuli cha ngazi, mama."

"Na ngazi yenyewe iliona aibu?"

Wateja wakacheka. Kifuniko akacheka nao. Lakini mwisho wa mwaka ulikuwa unakaribia, na mwisho wa mwaka haukuwa wa kuchekea. Palikuwa na maonyesho. Kila mwanafunzi picha moja, msumari mmoja. Picha hiyo ndiyo ingeamua nani aendelee na mwaka wa pili na nani apewe mkono wa kwaheri.

Ndipo alipoingia katika makopo. Alichukua kopo la maziwa ya unga, akalipaka rangi nyeusi ndani, akalitoboa ubavuni kwa ncha ya sindano, na juu ya tundu akabandika utepe mweusi. Ndani alipinda karatasi ya picha. Hiyo ndiyo kamera, yote. Aliliweka kopo juu ya rafu ya saluni, mbele ya mlango penye mwanga mwingi, na nesi mmoja, mteja wa siku nyingi, alipokaa kusukwa, akabandua utepe. Akaubandika tena mama alipofunga msuko wa mwisho.

Kesho yake akaja na picha. Mama akafuta mikono kwenye aproni, akaishika pembeni kwa ncha za vidole. Nesi, aliyekuwa amerudi kulalamika kwamba msuko mmoja unamvuta, akageuza shingo.

"Kiti kimetoka," mama akasema.

"Kimetoka, tena vizuri!"

"Kioo nacho. Kopo la mafuta hilo hapo, mpaka maandishi yake. Nesi ametoka."

"Kweli nimetoka!" nesi akapiga makofi. "Hata hereni!"

"Sasa mimi niko wapi?"

Kifuniko akaonyesha. Nyuma ya kiti, pale mama aliposimama kutwa, palikuwa na ukungu mwembamba, kama mvuke wa sufuria uliokaribia kuisha.

"Tundu ni dogo, mama. Mwanga unaingia taratibu, tangu nesi anakaa mpaka unamaliza. Kinachotulia kinaandikwa. Kinachotembea kinapita tu."

"Yaani nesi aliyelala mdomo wazi ameandikwa."

"Nilisinzia kidogo tu, jamani," nesi akasema.

"Na mimi niliyesimama mpaka miguu ikavimba, nimepita."

"Lakini ndio uzuri wa picha, mama. Inasema jambo."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, mafuta hapa ninayo mimi." Mama akamrudishia picha. "Asiyekuwepo na lake halipo. Atakayeiona hii atasema nywele za nesi zilijisuka zenyewe."

Akarudi kwenye kichwa. Hakununa, mama hakuwa mtu wa kununa. Aliacha kuuliza tu, na kwa Kifuniko hilo lilikuwa baya zaidi.

Mwalimu wa picha alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na sifa zake zilikuwa adimu. Alipoiona ile picha alivuta kiti akakaa. Akaitazama, akavua miwani, akaitazama tena.

"Hii tutaitundika ukuta wa mlangoni," akasema. "Jina lake *Asiyeonekana*. Mgeni akiingia, akutane nayo kwanza."

Ukuta wa mlangoni ulikuwa wa mwanafunzi bora. Kifuniko alitoka pale miguu haigusi chini. Lakini kadiri alivyokaribia nyumbani, ndivyo swali la mama lilivyomzidi uzito: mimi niko wapi? Usiku akaitazama picha na kujaribu kuipenda kama mwalimu alivyoipenda. Aliipenda kweli. Hapo ndipo palipomuuma.

Asubuhi akamrudia. "Mwalimu, naomba niibadilishe."

"Kwa nini?"

"Mama hataki kuwa moshi."

Mwalimu hakucheka. "Kifuniko, sikiliza. Umepata kitu ambacho wengine hukitafuta mpaka wanazeeka. Mtu anafanya kazi mpaka anafutika. Huyo mama si moshi kwa kosa lako. Ni moshi kwa sababu dunia haimwoni."

Ilikuwa hoja nzuri, na mtu mwingine angenyamaza.

"Dunia ipi, mwalimu? Wateja wake wanamwona. Mimi namwona. Mwenye nyumba anamwona, tena kila mwisho wa mwezi. Asiyemwona ni kopo langu tu, na kopo nimelitoboa mwenyewe."

Mwalimu akairudisha miwani puani. "Basi lete nyingine kabla ya Ijumaa. Nitaihukumu kwa haki. Lakini kumbuka hii nimekwisha kuiona; macho hayasahau."

Kifuniko akatoka. Sasa hakuwa na ukuta wala picha, alikuwa na ubishi wake tu.

Kwanza akajaribu kumsimamisha mama atulie. Mama akasimama wima, mikono ubavuni, kitana mkononi kama kibali cha kusafiria. Picha ikatoka safi kabisa. "Huyu anasubiri kuitwa jina lake ofisini," mama akasema. "Si mimi. Mimi nikitulia hivi, mteja anahama." Kisha akaazima kamera ya kisasa, yenye kasi ya kumkamata nyuki hewani. Ikamnasa mama mdomo uko nusu, kidole kiko juu, jicho moja limefumba.

"Hapa nimekamatwa," mama akasema. "Anayekamatwa ni mwizi."

"Sasa unataka nini, mama?" Sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia.

Mama hakuinua macho. "Nataka nionekane, nikifanya. Wewe ndiye uliyekwenda shule. Kama haiwezekani sema haiwezekani, mimi nitakuelewa."

Afadhali mama angemgombeza! Kuambiwa kwamba ataeleweka kulimwingia Kifuniko kama mwiba chini ya ukucha. Akakaa sakafuni kwenye nywele zilizofagiwa, akalitazama kopo lake juu ya rafu. Likamtazama na lile tundu lake moja. Lilikuwa limekaa pale juu starehe, kama mteja. Wakati mama anahangaika, lenyewe limekaa. Basi litamwona nani, kama si aliyekaa?

Akainuka ghafla. "Mama, nikufunge kitu kiunoni?"

"Kitu gani?"

"Kopo."

Aling'oa ubao mwembamba kwenye kitanda kibovu. Akaufunga kiunoni mwa mama kwa taulo mbili za saluni na mshipi, ukajitokeza upande wa kushoto ukipanda juu kama tawi, na kwenye ncha yake akalikaza kopo, tundu limegeukia uso wa mama. Mama akigeuka, kopo linageuka. Mama akiinama, linainama. Lilikuwa limepata kazi.

Mteja wa asubuhi ile alikuwa muuza viatu wa jirani, mwanamke mwenye ulimi mrefu. Alipoingia akashika kiuno.

"Mama, umeota mkono wa tatu?"

"Wa tatu ni wa kuwazaba wasiotulia. Kaa."

"Nikitingishika picha itaharibika?"

"Tingisha kichwa chako utakavyo," mama akasema, akatumbukiza chanuo. "Leo zamu yangu kutulia."

Kifuniko akabandua utepe. Mama akafanya kazi na ubao wake, akaligonga kopo kwenye kioo, akaomba radhi kwa kioo, akamzunguka muuza viatu kushoto na kulia. Kiuno kilimuuma, alikisema kiuno hicho kwa majina yote, lakini hakukubali kufunguliwa mpaka kichwa kiishe.

Katika chumba cha giza, chini ya taa nyekundu, karatasi ililala ndani ya dawa ikawa kama haina habari. Kisha likajitokeza bega. Likaja na shingo, na taya, vyote vimegeuka, cheusi cheupe na cheupe cheusi. Kifuniko akaiosha, akaikausha, akaibana chini ya kioo juu ya karatasi nyingine, akawasha taa na kuzima. Ile ya pili ilipoanza kupata uso, akajikuta anaisemesha: "Njoo. Njoo, mama."

Mama akaja. Alikuwa na chanuo kati ya meno, shingo imekaza, jasho linang'aa chini ya sikio. Macho yalikuwa na ukungu kidogo, kwa kuwa hayakuacha kutembea. Na kumzunguka, saluni nzima ilikuwa imeyeyuka: kioo kimekuwa mkanda wa mwanga, kiti doa, mteja moshi.

Muuza viatu ndiye aliyeidaka wa kwanza. "Mimi niko wapi?"

"Wewe ulikaa," mama akamjibu, akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaikazia macho. "Mikono yangu?"

"Mikono imekataa, mama. Imetoka kama mbawa."

"Iache. Ile haijawahi kumsubiri mtu."

Ijumaa mwalimu aliitazama sana. Hakuwa mwongo, na hakuanza siku ile. "Imepinda. Paji la uso limekatwa. Hapa mwanga umevuja. Ile ya kwanza ni kazi kubwa zaidi, Kifuniko, nami nitasema hivyo popote." Akapima ukuta kwa macho. "Tufanye hivi. Tuzitundike zote mbili, bega kwa bega, mlangoni. Nitakuongezea msumari."

Wenzake waliokuwa wanapigilia picha zao wakaacha nyundo. Ukuta wa mlangoni ulikuwa unamwita mara ya pili.

"Usiniongezee, mwalimu. Watu wataanza na moshi, halafu waje wamtafute mama ndani yake. Nataka wamkute yeye. Wakitaka kumtafuta mtu, wamtafute mteja."

"Alama nitakazokupa hazitakuwa zile."

"Toa za haki."

Akatoa za haki. Zilimvusha kuingia mwaka wa pili, lakini kwa ubavu, kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba na mzigo. Ukuta wa mlangoni akapewa kijana aliyepiga matone ya mvua. Yeye akapata nafasi nyuma kabisa, kando ya mlango wa stoo, akaupigilia msumari wake mwenyewe. Ile picha ya moshi aliifunga katika gazeti akaiweka chini ya godoro. Hakuichana. Ilikuwa nzuri, naye aliijua bei yake.

Siku ya maonyesho mama alikuja katikati ya saa za kazi, na aproni yake. Hakutazama matone ya mvua. Alikwenda moja kwa moja mpaka nyuma, akasimama mbele ya picha, karibu sana, miguu imeachana kidogo kama asimamavyo nyuma ya kiti.

Akaja mgeni mmoja mwenye tai, na bilauri ya maji mkononi. Akangoja. Akakohoa.

"Samahani, mama. Naomba upishe kidogo tuone picha."

"Inaonekana," mama akasema bila kugeuka.

"Nasema picha."

"Na mimi nasema picha. Si hii hapa?"

Yule bwana akatupa macho ukutani, akayarudisha kwenye shavu la mama, akayapeleka tena ukutani. Kifuniko alikuwa tayari ameshanyoosha mkono amvute mama pembeni kwa heshima, kama alivyolelewa kuwapisha wageni. Mkono ukafika kwenye kiwiko cha mama, ukatulia pale. Akasogea, akasimama upande wa pili, nafasi iliyobaki ikazibika.

Bwana yule akazunguka, akainama, akachungulia kwa ubavu.

"Hapo hapo," mama akamwambia. "Hapo utaniona vizuri."