Damu Safi

Kwetu mgonjwa hapelekwi hospitali hivi hivi. Huogeshwa, hufungwa kitambaa kizuri, hupewa kitu cha kutuliza maumivu asije akaaibisha watu njiani. Mama alikuwa ameumwa kichwa wiki tatu, mabega yamekauka, hata kutafuna githeri kunamuuma taya. Nikapita duka la dawa pale Salgaa, nikanunua vile vidonge vidogo ambavyo madereva wa malori humeza wakiumwa mgongo. Nilimpa siku nane. Akaamka, akachota maji mwenyewe.

Siku ya tisa tukaenda Nakuru. Mtu wa maabara alimtania akimfunga mkono amtoe damu: “Mathe, wewe si mgonjwa, umekuja kutembea.”

“Nimekuja kuwaona,” Mama akamjibu. “Mmekonda.”

Daktari aliniuliza, “Kuna dawa yoyote ametumia?”

Bahasha ya vidonge ilikuwa mfukoni mwangu. Niliona haya kusema nimemtibu mwenyewe, mimi niliyeacha shule darasa la saba. Nikasema, “Hapana.” Mama alinitazama, akakaza kitambaa chake cha kichwa. Hakutaka kuniumbua.

Majibu yakaja: damu haikuonyesha uvimbe wowote mwilini. Damu safi. Nilifurahi kama niliyepita mtihani. Vidonge vilipokwisha sikununua vingine. Wiki hiyo hiyo maumivu yakarudi, na asubuhi moja jicho lake la kushoto likawa halioni. Kesho yake, la kulia.

Tuliporudi hospitali ndipo nilipoitoa bahasha. Daktari aliisoma, akaiweka mezani polepole.

“Hii huzima moto,” akasema. “Na kile kipimo cha damu hutafuta moshi. Ungeniambia, nisingeyaamini yale majibu. Mishipa ya kichwa ndiyo iliyovimba, ikayanyima macho damu. Ningemtibu kwa dawa hii hii, lakini kwa kiasi kinachotosha, na bila kuikata ghafla.”

Mama alikuwa ameketi kando yangu, anasikia kila neno.

Aliishi miaka miwili bila kuona. Hakuwahi kunitajia jambo lile. Nikimpelekea uji alikuwa akinipapasa uso, kisha anasema, “Umekonda.”

Kwenye mazishi mchungaji alinisifu mbele ya watu, kwamba mimi ndiye mtoto aliyempeleka mama hospitali. Watu wakaitika amina. Nami nikaitika.