Simu Ambayo Mutegi Hakuigusa

Mutegi wa Kibirichia, kule Buuri, hufungua vitu. Ndiyo kazi yake, ndiyo tabia yake, na mkewe Kathambi ataongeza kwamba ndiyo kasoro yake. Redio ya baba yake aliifungua akiwa na miaka saba. Saa ya kanisa aliifungua siku ya usafi, na kwa mwezi mzima ibada zikawa zinaanza kwa kukisia. Siku hizi ana kibanda cha kutengeneza simu mkabala na wanaopakia viazi, na hata hapo hafanyi kazi nyuma ya pazia. Meza yake iko nje. Mteja huketi kwenye benchi mbele yake, na kila skrubu inayotoka huwekwa kwenye kifuniko cha mkebe mahali anapoweza kuiona. Watu wamebadilishiwa betri nzima kwa mbovu na mafundi wengine mpaka wamekuwa waoga, lakini kwa Mutegi wanakuja na kusinzia.

Kuna aina moja ya simu iliyojaa Buuri yote, nyeusi, yenye kitufe cha kijani ubavuni, na watu huiita Kijani tu. Kampuni iliyoiunda iliichoka zamani, ikaacha kuiletea mfumo mpya. Lakini wapo watu duniani wanaoandika mfumo wa simu kwa kujitolea, na kila mstari wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Mutegi alijiunga na jukwaa lao kwenye mtandao, akajifunza miaka mitatu, na mwishowe wakamkabidhi mfumo wa Kijani autunze. Hebu fikiria, miaka mitatu na simu ambayo aliyeiunda mwenyewe ameitupa!

Shida ilikuwa kamera. Kamera ya Kijani haifanyi kazi bila vipande fulani vya programu ambavyo kampuni ilivifunga. Unaweza kuvinakili kutoka kwenye simu yenye mfumo wa kiwandani ukaviweka kwenye mfumo mpya, lakini huwezi kusoma kilichomo. Wenzake jukwaani walimwambia aviweke tu, kila mtu huviweka. Mutegi akakataa katakata.

"Mtu anakaa hapa aone kila skrubu," alimwambia Kathambi, "halafu nimpe kitu hata mimi sijui iko nini ndani?"

Basi mfumo wake ukatoka bila kamera, na kwa miaka miwili hakuna aliyemtikisa.

Aliyemtikisa ni Gatwiri, dada yake mdogo. Gatwiri ameolewa Gachoka, kule chini kwenye joto la Mbeere, na ni mshonaji wa sare za shule. Hasikii tangu homa iliyomshika akiwa na miaka mitatu. Kwa ujumbe wa maandishi yeye ni mtu wa maneno matatu: "Niko. Watoto wazima." Lakini mweke mbele ya kamera, umpe nafasi ya kutumia mikono, utamjua. Atakuigiza chifu akipimwa suruali, atakuigiza mwalimu mkuu anayebishana juu ya vifungo, na kila Jumapili baada ya kanisa, walipopigiana kwa video, Mutegi alikuwa akicheka peke yake kibandani mpaka majirani wanachungulia. Alimpenda dada yake kuliko alivyojua kusema, na Jumapili ndiyo ilikuwa njia yake ya kusema.

Mwezi wa sita ikatangazwa kwamba programu wanayopigiana ingeacha kufanya kazi kwenye simu zenye mifumo ya zamani kuanzia mwisho wa mwezi. Gatwiri alikuwa na Kijani yenye mfumo wake wa kiwandani. Akaandika: "Jumapili zimeisha?"

Mutegi alizunguka na swali hilo siku mbili. Siku ya tatu Kathambi akachoka.

"Na mimi je? Umewahi kunifungua ujue iko nini ndani? Na bado unakula githeri yangu kila siku."

Mutegi alichukua Kijani moja iliyokuwa ikining'inia kibandani, akidhani ina mfumo wa kiwandani, akanakili vile vipande, akaviweka kwenye mfumo wake katika Kijani yake ya majaribio. Kamera ikafunguka. Jukwaani wakampongeza. Akaweka mfumo huo kwenye Kijani nyingine, akaituma Gachoka kama kifurushi ili Gatwiri aijaribu. Jumapili wakapigiana kwa Kijani hizo mbili, na baada ya dakika moja Gatwiri akainua kiganja kumsimamisha.

"Mikono yako inakatika," alisema kwa ishara. "Unameza maneno."

Kumbe picha ilikuwa inarukaruka. Kwa mtu anayesikia lilikuwa jambo dogo, sauti inaendelea na maisha yanaendelea. Kwa Gatwiri, neno lilianzia kifuani pa kaka yake na kuishia kwenye paji la uso bila kupita popote.

Mutegi alitafuta kosa siku tatu. Akagundua kwamba vile vipande havikuwa vya Kijani hata kidogo, vilikuwa vya pacha wake, simu ya sura ileile inayouzwa nchi nyingine. Kuna fundi aliyeweka mfumo wa pacha kwenye ile simu. Asubuhi nzima Mutegi alimtukana fundi huyo: mjinga, mvivu, mtu wa kulipualipua kazi. Kathambi alimwacha amalize, kisha akafungua daftari la kibanda na kumsomea kwa sauti. Kijani, ilinyeshewa, ikafufuliwa kwa mfumo wa pacha. Mwandiko ulikuwa wa Mutegi.

Akajaribu za majirani, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa zimewahi kulala mezani pake, na zote zilifufuliwa vivyo hivyo. Buuri nzima hakukuwa na Kijani ambayo mikono yake haikuifikia.

Iliyobaki ni ya Gatwiri mwenyewe. Na Gatwiri alikuwa na sababu ya kumnyima.

Mutegi akiwa na miaka kumi, dada yake saba, kanisa lilimpatia Gatwiri mashine ya kusikia. Haikumsaidia sana. Alisikia mvua juu ya mabati, na mama yao akiita kutoka jikoni. Wiki ya tatu Mutegi aliifungua juu ya jiwe ili aone sauti inapita wapi, na haikulia tena. Tangu siku hiyo hakuna kitu cha Gatwiri kilichoingia mikononi mwake. Hata cherehani ikiharibika, huipeleka kwa fundi Embu mjini. Jina alilompa kaka yake kwa ishara ni kidole kinachozungushwa kando ya sikio kama bisibisi.

Mutegi akapanda gari kwenda Gachoka na nusu gunia la viazi. Alimweleza kila kitu, hata habari ya daftari. Hakuna kufungua, alisema, ni waya tu na dakika kumi. Gatwiri akaitoa simu yake mfukoni.

"Nitaishika mimi," akasema.

Akaketi na simu kwenye viganja vyake viwili, waya ukaingia kwenye kompyuta, na Mutegi akaweka mikono yake magotini. Vipande vilipokuwa vikihama, Mutegi alizungusha kidole kando ya sikio, jina lake mwenyewe, kisha akasugua ngumi kifuani: samahani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka ishirini na sita, na alilia. Gatwiri aliona, lakini alikaza macho kwenye simu mpaka kazi ikaisha.

Toleo jipya la mfumo wake lilitoka siku nne kabla ya mwisho wa mwezi, vipande vya kamera vikiwa kando kama nyongeza, asiyevitaka aviache. Mahali pa kuonyesha asili ya vipande vilivyofungwa Mutegi aliandika: "Sijui kilichomo ndani, na anayevitumia ajue hivyo. Vimenakiliwa Gachoka kutoka kwa simu ya Gatwiri, mshonaji. Haijawahi kufunguliwa na mtu."

Gatwiri aliliweka toleo hilo mwenyewe kwenye ile Kijani aliyotumiwa, na Jumapili akapiga. Mikono yake ilipita yote, kutoka kifuani hadi kwenye paji, bila kukatika.

"Cherehani inaruka mishono," alisema. "Fundi wa Embu ameshindwa. Njoo na bisibisi."

Mutegi akamwomba arudie, ingawa safari hii picha haikuwa na kosa lolote.

"Njoo," Gatwiri akarudia polepole. "Uifungue."