Nilivyojifunza Polka kwa Siri Juba

Binti yetu alipotupigia simu kutuambia kwamba ameposwa na kijana wa Kicheki, huko huko alikokwenda kusomea uhandisi, baba yake alikata simu. Mume wangu alikuwa nyumbani Nakuru, mimi nilikuwa Juba nikifundisha darasa la tatu. Tulikuwa tumeunganishwa sote watatu, kwa hiyo nilimsikia binti akibaki kuita, "Baba? Baba?" Kesho yake mume wangu aliniambia kuwa hatahudhuria harusi hiyo, na mimi nikienda, nijue nimekwenda peke yangu.

Miezi kadhaa baadaye binti aliniandikia ujumbe. Kwa kina kijana, alisema, baada ya chakula wazazi ndio hufungua dansi. Mama wa bibi harusi hucheza na baba wa bwana harusi, na baba wa bibi harusi hucheza na mama wa bwana harusi. Dansi yenyewe ni polka. "Usijali, Mama," aliandika. "Sehemu hiyo tutairuka."

Sikutaka irukwe. Tayari mambo mengi yalikuwa yamerukwa.

Mcheki pekee niliyemfahamu Juba alikuwa fundi wa visima, mzee wa miaka sitini na kitu aliyefiwa na mkewe, ambaye alikuja shuleni kututengenezea pampu. Alikuwa amekaa Tanzania miaka mingi, na Kiswahili chake kilikipita cha walimu wenzangu wengi, waliozoea zaidi Kiarabu cha Juba. Nilimweleza shida yangu nikiwa nimeinamisha macho. Alijifuta grisi mikononi, akaniuliza kama najua kuhesabu hadi tatu.

Tulikuwa tukikutana Jumamosi saa kumi za jioni, kwenye baraza ya nyumba aliyopanga mtaa wa Hai Cinema. Mpishi wake, mama mmoja wa Uganda, alikaa nasi kila mara akichambua mchele. Mimi ndiye niliyemwomba akae, maana nawajua watu.

Tulianza bila muziki. Mguu wa kulia unatangulia, wa kushoto unaufuata, wa kulia tena, halafu unajirusha kidogo kabla ya kuanza upande wa pili. Raz, dva, tři, alihesabu kwa lugha yake. Mwili wangu umezoea kucheza kwa mabega na kiuno. Hapa kiuno kilitakiwa kitulie, kifua kiinuke, na uzito wote uende kwenye vidole vya miguu. Raba nilizonunua soko la Konyo Konyo zilikuwa zinang'ang'ania saruji.

"Mwalimu," mpishi alisema, "wewe iko naua mende?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikuwa nimecheka hivyo tangu simu ile ikatwe.

Baada ya wiki kadhaa alinifundisha nyingine, sousedská, dansi ya polepole ambayo jina lake linatokana na neno lao la jirani. Unahesabu tatu tatu, ukiyumba kama unayebembeleza mtoto. Alisema wazee huipenda, na kwamba mkewe alikuwa akiisubiri hiyo tu. Muziki ulipofika mahali fulani aliniachia mikono, akaomba radhi, akaingia ndani kunywa maji.

Lango la bati lilikuwa na mwanya. Mwanamke tuliyekuwa tukiimba naye kwaya ya kanisa alipita akaniona mikononi mwa hawaja, kama wazungu wanavyoitwa pale Juba. Jumapili iliyofuata kiongozi wa kwaya aliniita kando, akaniambia kwa upole kwamba ingefaa nipumzike kidogo. Kabla wiki haijaisha habari zilikuwa zimefika Nakuru.

Mume wangu alipiga simu, hakunisalimu. "Ni kweli kuna mzungu anakushika kiuno?"

"Ni kweli. Ni dansi."

"Dansi," alisema, akakata.

Ningeweza kumpigia nikamweleza. Lakini ningelazimika kuitaja harusi, na hatukuwa tumeitaja tangu siku ile.

Ijumaa mchana nilimkuta mume wangu kwenye lango la shule. Alikuwa amekuja kwa basi kupitia mpaka wa Nimule bila kuniarifu, na vumbi lilikuwa limemjaa hadi kwenye nyusi. Mbele ya watoto alizungumza nami kwa heshima nyingi, na heshima hiyo ilinitisha kuliko ambavyo matusi yangenitisha. Kesho yake nilimwambia twende akajionee, tukapanda boda mbili.

Alikaa kwenye kiti cha plastiki, kofia magotini. Fundi alimpa mkono akamkaribisha, kisha tukacheza. Nilikosea mara tatu. Muziki ulipokwisha mume wangu alinitazama mimi, si fundi.

"Hii ndiyo ya kule kwa binti?"

"Ndiyo. Wazazi ndio wanaofungua."

Mpishi alimwekea chai, hakuigusa. Baadaye akauliza, "Na mama wa huyo kijana, atacheza na nani?"

"Ni wewe uliyetakiwa ucheze naye."

Fundi alimwambia kwamba akipenda anaweza kujaribu. Mume wangu akainuka. Nilidhani anakwenda kumpiga. Alisimama pale nilipokuwa nimesimama, akapiga hatua tatu kwenda kulia huku akivitazama viatu vyake, akarudi, akarudia tena. Kisha akakaa na kusema goti linamuuma. Katika miaka ishirini na sita sikuwahi kumsikia akilalamikia goti. Jumatatu alirudi Kenya, na mimi nikawa na hakika kwamba atakuja.

Hakuja. Alikuwa amefika hadi kupiga picha za pasipoti, kisha akasema hawezi kumtoa mtoto kwa watu ambao hajaiona nyumba yao. Nilikwenda peke yangu. Nilicheza na baba wa kijana, mtu mwenye mikono ya mwashi, naye akahesabu kwa sauti nami nikahesabu kwa sauti, na binti yangu alilia akiwa amejiziba mdomo. Mama wa kijana alibaki mezani. Kaka yake alipomwomba wacheze alikataa. Nilimuuliza binti mama huyo amesemaje, akanitafsiria, "Anasema atamngoja Baba mwenyewe."

Nilipomsimulia mume wangu maneno hayo aliniomba niyarudie, nikayarudia. Siku hizi humpigia binti simu kila Jumapili, wakaongea habari za mvua na kazi. Bado hajamtaja mkwewe. Kwaya nayo haijaniita tena, na sijauliza.