Nilivyounganisha kompyuta ya Kaniha na ya Murusagamba, saa ya Burundi ikanitoa jasho

Wakuu, poleni na mihangaiko. Kisa hiki ni changu mwenyewe na sijatia chumvi. Anayebisha aje Biharamulo nimpeleke kwa wahusika.

Mimi ni fundi kompyuta. Dada yangu Restituta ni mwalimu wa fizikia. Alihamishwa kutoka sekondari moja ya Murusagamba, kule Ngara mpakani, akaletwa huku Kaniha, Biharamulo.

Nyuma wakabaki watoto kumi na mmoja wa kidato cha nne, hawana mwalimu wa fizikia.

Dada alilia kabisa, maana aliwaahidi kuwafikisha kwenye mtihani. Mkuu wa shule ya kule akampa wiki mbili apate njia ya kuwafundisha akiwa mbali, la sivyo kipindi kinafutwa.

Akanigeukia: "Mdogo wangu, si ndiyo kazi yako hii?"

Nikamjibu, "Hilo dogo." Mdomo huu!

Simu za video za kawaida ziligandaganda, kwa sababu zinazungukia kwenye seva, yaani kompyuta ya kati iliyo mbali. Nikataka kompyuta mbili ziongee direct.

Shida ni kwamba zote ziko nyuma ya ruta za laini ya simu. Wa ndani anatoka, wa nje hawezi kupiga hodi.

Nikakodi kaseva kadogo ka kuwatambulisha tu, kwamba wewe uko hapa, mwenzako yuko pale. Kisha kila kompyuta inamtumia mwenzake ujumbe kwa wakati mmoja. Kila ruta inaona aliyeanza ni mtu wake, inaruhusu jibu lipite. Seva inakaa pembeni.

Nikaenda kufunga Murusagamba, nikajaribu mchana, safi! Nikarudi nyumbani natembea kifua mbele.

Kesho yake kipindi cha saa mbili asubuhi, dakika chache tu, mawasiliano yakakatika. Karibu saa tatu inaunganika yenyewe, kipindi kimeisha. Siku nne mfululizo! Nilibadilisha laini, nikabadilisha ruta, nikatukana mpaka nikajionea aibu.

Kwenye zile wiki mbili zikabaki siku tatu. Nikapanda pikipiki (barabara ile mnaijua), nikafika mgongo si wangu. Asubuhi nikakaa maabara kuangalia tu.

Akaingia mzee Zabroni, mtunza maabara.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Akawasha kompyuta, akatazama saa ya kwenye kioo, akaisogeza mbele saa moja. Nikamuuliza kulikoni.

"Nayo inadakwa na Burundi kama simu zetu. Kila asubuhi nairekebisha, watoto wasichelewe."

Jamani! Pale mpakani simu ikidaka mnara wa ng'ambo, inasoma saa moja nyuma. Kila mtu kazoea kuirekebisha kwa mkono. Kompyuta nayo ilikuwa inahamia majira ya Burundi, mzee anaisogeza, na baada ya dakika chache mtandao unairudisha.

Sasa, kila ujumbe wa kuunganisha unagongwa muhuri wa muda. Kaniha ikishapokea muhuri wa mbele, ukija wa nyuma inadhani mtu anarudia ujumbe wa zamani. Inaukataa mpaka ile saa moja ipite.

Nilipomweleza, mzee alinywea. "Kumbe ni mimi ninayewanyima watoto?"

Iliniuma. Nikamwambia, "Hapana mzee, ni mimi niliyefunga bila kukuuliza."

Nikaifunga kompyuta kwenye majira ya Tanzania. Mzee akaahidi kutoigusa saa.

Kesho yake saa mbili kamili, projekta ikamtoa dada ukutani, picha haigandi. Darasa likapiga kelele. Binti mmoja, Yusta, akasimama: "Mwalimu, kumbe hujatuacha?" Dada akageuka ubaoni kuandika tarehe.

Funzo langu wakuu: kabla ya kubadilisha vifaa, nenda ukae na anayevitumia, umwangalie anavyoamka navyo.

Mkuu wa shule alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Kwenye ratiba fizikia ilikuwa imebaki kwa penseli. Akatoa kalamu, akaipitia kwa wino.

Walio mpakani ambako ng'ambo saa ni tofauti, kama Tunduma, saa za kwenu mnazifanyaje? Mwageni uzoefu hapa.