Ndimu Mlangoni pa Maktaba

Maktaba ya utotoni mwangu ilinukia ndimu. Ilikuwa chumba kimoja cha mabati kando ya barabara ya kwenda Boito, na harufu ya majani mabichi ya chai iliizunguka mchana kutwa, lakini mlangoni ndimu ndiyo iliyotawala. Bi. Chelang'at, mkutubi wetu, aliweka hapo karai la maji, kipande cha sabuni na ndimu iliyokatwa, kwa sababu utomvu wa chai huacha vidole vya mchumaji vyeusi kama vya fundi wa baiskeli. Sheria yake ilikuwa moja: nawa, kisha usome. Msimu mmoja wa mvua, mama yangu, aliyekuwa ametoka upande wa ziwa kuja kuchuma chai, alikuwa akijifunza kusoma. Chai ikishapimwa alitupitisha maktabani, mimi na dada yangu Akinyi, ambaye tayari alikuwa ameachishwa shule ili achume naye. Tulisugua vidole mpaka ndimu ikawasha kwenye mikwaruzo, tukaketi kwenye benchi, Akinyi akiwa katikati, akifuata mstari kwa kidole. Alasiri moja karani wa shamba, aliyekuja kusoma gazeti, alitutazama akasema kwa sauti, "Madam, hawa wachuma chai watakuharibia vitabu." Bi. Chelang'at hakuinua kichwa. "Weusi wa chai unatoka, karani. Huo mdomo wako ndio sina sabuni yake." Benchi zima likacheka, na mama akafungua ukurasa.

Jambo moja liwekwe sawa: siichukii teknolojia. Nilistaafu utumishi wa serikali nikiwa natumia kompyuta kila siku, na maktaba ilipofungwa ili iunganishwe na mtandao, nilishangilia. Sasa rafu zimeondolewa. Vitabu vimo ndani ya kompyuta, na kompyuta haifunguki mpaka usajiliwe kwa alama ya kidole. Juzi nilimpeleka Akinyi, ambaye amechuma chai maisha yake yote na hajapoteza hamu ya kusoma. Kijana wa mapokezi alimwita gogo, kama vijana wa huku wanavyowaita bibi zao, akamwelekeza aweke kidole kwenye mashine. Ikakataa. "Jaribu kingine, gogo." Vyote vilikataliwa, kwani chai imezilainisha ncha zake hata hazina mistari tena. "Si mimi, gogo, ni system." Niliuliza kama jina lake haliwezi kuandikwa tu. Kijana alijibu kwa adabu kwamba hakuna mahali pa kuliandika. Waliouchagulia mji wa wachuma chai mashine ya namna hiyo hawakuwahi kuushika mkono wa mchuma chai hata mmoja, na hilo nililisema pale pale, bila kupunguza neno.

Nilipogeuka, Akinyi hakuwapo. Nilimkuta nje, ameinama kwenye mfereji wa kunawia, anasugua vidole kwa nguvu.

"Ningoje, Ouma," aliniambia. "Bado ni vichafu. Kwani siku hizi hawaweki ndimu?"