Njiwa wa Kitambaa

Jirani yangu wa mtaa wa Ndia Kuu, mfuga njiwa, alitangulia mbele ya haki juma lililopita, na tulimzika alasiri ya siku ile ile. Wasomaji wa zamani wa safu hii watamkumbuka: ndiye niliyemcheka kwa njiwa wake wa kitambaa. Makinda wake yatima hawakujua kula, basi akashona njiwa, akamfunga kwenye kijiti, akawa anamdonoesha mtama mbele yao hadi wakaiga. Ila shingo ya yule wa kitambaa ilishonwa kombo, na makinda wote wakakua wakilaza kichwa kushoto kabla ya kila punje. "Wana adabu hawa," alinijibu. "Waanza kwa bismillahi."

Kisha kiharusi kikamchukua ulimi, na harusi ya bintiye imekaribia. Nduguye angeweza kumwoza kwa niaba yake, na hakuna ambaye angelaumu, lakini mzee alikataa kwa mkono. Alitaka maneno ya kuoza yatoke kinywani mwake. Tulipomtamkia polepole ayafuatishe, alitukodolea macho kana kwamba tunamtukana. Ndipo binti akachukua picha ya babake, akatengeneza kwayo, ndani ya simu, sura yake inayosema.

"Mtizame huyu, baba. Si mimi, si daktari. Ni wewe."

Mimi, mwenye shahada na maoni juu ya kila kitu, nilisema huo ni mchezo wa watoto. Mzee akawa anakaa barazani kila asubuhi, akijiiga. Zilianza sauti, yakaja maneno. Kasoro ilikuwa moja: ile sura ya simuni, sijui kwa nini, ililaza kichwa kabla ya kila neno, naye akalichukua na hilo.

Siku ya nikaha, msikitini, mzee alimshika bwana harusi mkono. Kichwa kikaenda kushoto. "Nimekuoza." Kushoto tena. "Binti yangu."

"Njiwa huyo!" rafiki wa mzee akaninong'oneza, nikauma shali nisicheke. Bwana harusi, kwa hofu yake, naye akalaza kichwa kushoto, ndipo akajibu: "Nimekubali."

Tangu siku ile nimepunguza kuwasema vijana wanaojifunza kutembea na kuzungumza kwa kutazama sura za bandia simuni. Mimi mwenyewe, mke wangu ananiambia, siku hizi hushika kidevu nikizungumza, kama ile picha yangu iliyoko juu ya safu hii. Viumbe tunaiga kinachofanana nasi, hata kama ni pamba na uzi, na tunakiiga pamoja na shingo yake. Basi anayeshona aitazame shingo vizuri. Lakini ikimwendea kombo, asitupe sindano. Binti yule aliozwa kwa sauti ya babake.